Geji ya presha kwa loda isiyonyanyua: sanduku zima, geji moja, au saa ya simu?

Loda ya trekta dogo, yaani mikono na ndoo ya mbele, ikianza kugoma kunyanyua, silinda ndizo za kwanza kulaumiwa. Zinafunguliwa, sili zinatolewa zikiwa bado laini na nzima, mpya zinawekwa, mafuta yanamwagika nusu ndoo, na mzigo unabaki palepale chini. Aliyefanya kazi hiyo anaweza kuwa fundi mzuri tu. Ila hakupima presha kabla ya kushika spana.

Vifaa vya kupimia viko vya namna tatu, na hapa tunavilinganisha kwa kazi moja: kujua kwa nini loda ya trekta la nguvu farasi 20 hadi 50 hivi imeishiwa nguvu. Cha kwanza ni sanduku la plastiki lenye geji nne au tano, hosi nyembamba na adapta kibao, ambalo aliyelipanga alikuwa akifikiria ekskaveta. Cha pili ni geji moja iliyofungwa kwenye kapla ya loda, kile kiungio cha hosi kinachochomolewa kwa mkono. Cha tatu hakiuzwi kabisa kama kifaa cha haidroliki: saa ya simu, na pembeni yake kipimajoto cha miale. Kwa mwenye trekta moja, jibu letu ni cha pili na cha tatu kwa pamoja. Sanduku lina mahali pake, lakini si pa kuanzia.

Sanduku la geji

Sanduku la kawaida huja na geji za 100, 250, 400 na 600 bar (bar ni kipimo cha presha), hosi tatu hadi tano zenye tundu la milimita 2 hivi na nati za M16×2 kila upande, adapta za nyuzi za metriki, na tii chache, yaani viungio vya njia tatu. Ukilifungua linapendeza. Kila kitu kimelala kwenye kitanda chake cha sponji.

Shida inaanza kwenye geji zenyewe. Loda nyingi za matrekta madogo hufanya kazi kati ya 130 na 200 bar, kwa hiyo geji ya 600 hapo ni pambo. Ya 400 inasomeka, lakini usahihi wa geji huhesabiwa kwa asilimia ya kipimo chake cha juu, si ya namba unayoisoma. Geji ya 400 bar ya daraja 2.5 inaruhusiwa kukosea 10 bar juu au chini. Ya 250 bar ya daraja 1.6 inaruhusiwa 4 bar tu. Ukiwa unatafuta kama presha imeshuka kutoka 170 hadi 155, geji ya kwanza peke yake inaweza kukumezea 10 kati ya hizo 15 unazozitafuta. Daraja huandikwa usoni mwa geji kwa tarakimu ndogo, chini ya kitovu cha mshale. Kama halipo, geji hiyo ichukulie ya kukadiria, usiitumie kurekebisha chochote. Kwa hiyo kati ya geji zote za sanduku, kwa loda yako utatumia moja.

Shida ya pili ni kwamba kapla ya trekta haimo. Adapta zilizomo ni za kufunga kwenye milango ya pampu na vali za mitambo mikubwa, wakati kwenye trekta dogo mlango ulio rahisi kuliko yote ni kapla za loda, na hizo utazinunua mwenyewe vyovyote vile.

Kilicho kizuri kweli ndani ya sanduku ni hosi. Tundu lake jembamba linatuliza mshale, nati ya M16×2 inakazwa kwa vidole bila spana, na urefu wa mita moja na nusu unakuwezesha kusoma geji ukiwa umeketi kwenye kiti, mbali na chochote kinachoweza kupasuka. Trekta likiwa tayari na pointi ya kupimia kwenye pampu, hosi hizi zinalipa. Kinachokosekana, na hatuelewi kwa nini, ni geji ya kupima mvuto upande wa pampu unaonyonya mafuta. Lawama nyingi zinazotupiwa pampu huzaliwa upande huo.

Geji moja na kapla yake

Ya kuunganisha mwenyewe ina vipande vinne: geji ya 0–250 bar yenye uso wa milimita 63 na gliserini ndani, nyuzi zikitokea chini na si mgongoni, hosi ya haidroliki ya sentimita 40 hadi 60, inayohimili presha ya juu kuliko ya trekta lako, adapta ya kutoka robo inchi ya geji hadi nusu inchi au tatu ya nane ya kapla, na nusu ya kapla inayofanana na ile iliyo kwenye ncha ya hosi ya loda.

Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachoharibu manunuzi. Kapla za kilimo za kiwango cha ISO 7241-1 A hazishikani na za ISO 7241-1 B hata zikiwa za kipimo kimoja, na zile za uso bapa za ISO 16028 ni ukoo mwingine kabisa. Watengenezaji wengine pia huchanganya dume na jike kwenye hosi nne za loda ili zisikosewe kuunganishwa. Kwa hiyo usinunue kwa picha. Angalia kapla ya mstari wa kunyanyua, huo hasa, na ulinganishe mkononi. Kama trekta lina kapla ya pamoja inayofunga hosi zote nne kwa wenzo mmoja, geji ya namna hii haitaingia popote. Hapo itabidi tii kwenye hosi.

Nyuzi nazo zina mtego. BSP na NPT ni viwango viwili tofauti. Robo inchi ya BSP ina nyuzi 19 kwa inchi na ya NPT ina 18. Ukizichanganya zitaingia mzunguko mmoja au miwili halafu zikwame, kwa hiyo zinajitangaza zenyewe. Nusu inchi ni hatari zaidi: zote mbili zina nyuzi 14 kwa inchi, zinaingia vizuri kabisa, zinakaza, halafu zinavuja presha ikipanda, kwa sababu pembe ya nyuzi ni digrii 55 kwa moja na 60 kwa nyingine. Utepe mweupe wa mabomba hauponyi hilo. Tena utepe wenyewe tusingeuweka hapa hata nyuzi zikiwa sahihi: kipande chake kikikatika kinaenda moja kwa moja kwenye vali. Kwa nyuzi za BSP zilizonyooka tumia washa ya chuma yenye mpira ndani. Kwa NPT tumia gundi ya nyuzi iliyo ya kimiminika, ukiacha nyuzi mbili za mwanzo zikiwa kavu.

Ukiichukua geji mpya utaona kipovu cha hewa juu ya gliserini. Si hitilafu, ni nafasi ya kupanukia. Angalia kizibo cha mpira kilicho juu. Kwenye geji nyingi kina chuchu ndogo ya kukata, au kichwa cha kugeuza, baada ya geji kufungwa. Usipofanya hivyo, joto linajenga presha ndani ya kasha na mshale unakataa kulala kwenye sifuri. Fungua kizibo uone. Ikirudi sifuri, geji ni nzima. Ikibaki kwenye 5 au 8 huku haijaunganishwa na kitu, imeshapigwa, irudishe ilikotoka.

Udhaifu mmoja wa mfumo huu lazima ujulikane mapema. Kapla ina vali ya kujifunga, kwa hiyo ukichomoa geji yenye presha, presha inabaki imenaswa ndani: mshale unakuwa umesimama kwenye 160 huku geji iko mkononi mwako. Zima injini, sogeza wenzo wa loda pande zote mara tatu nne mpaka mshale ulale, ndipo uchomoe.

Jinsi ya kuitumia ili ikupe jibu

Pima mafuta yakiwa na moto, nyuzi joto 40 hadi 50 hivi, yaani baada ya kazi ya dakika 15 au 20. Mafuta baridi ni mazito, yanaziba mianya, na pampu iliyochoka inaonekana nzima. Mwenye trekta akisema asubuhi inanyanyua na mchana inagoma, ameshataja ugonjwa bila kujua: mafuta yanavuja ndani kwa ndani, mahali fulani.

Kabla ya geji, angalia kina cha mafuta trekta likiwa tambarare na loda ikiwa chini. Matrekta mengi madogo hutumia mafuta mamoja kwa gia na haidroliki, kwa hiyo upungufu huko nyuma unaonekana mbele. Mafuta yenye povu yamevuta hewa. Yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa na kubaki hivyo hata baada ya kutulia yana maji.

Sasa ndoo iwe ardhini, injini imezimwa, wenzo umesogezwa pande zote. Fuata hosi kuanzia upande wa silinda ya kunyanyua usio na rodi (kile chuma kinachotoka na kuingia) mpaka kwenye kapla. Hiyo ndiyo ya kuchomoa. Weka geji kwenye kapla ya upande wa vali. Nyingine ziache zilivyo. Kwa mpangilio huu silinda za kunyanyua zimetengwa kabisa, na unapima pampu, vali na ile vali ya kuachia presha ambayo mafundi huiita rilifu.

Washa injini kwa mwendo wa chini. Vuta wenzo wa kunyanyua, shikilia sekunde 3 hadi 5, soma, achia. Usizidishe: pampu ya lita 25 kwa dakika ikisukuma kupitia rilifu kwa 170 bar inageuza takriban kilowati 7 kuwa joto, yote ikiingia kwenye mafuta. Halafu panda hadi mwendo ambao kitabu kimetaja kwa kipimo hiki (mara nyingi ni ule unaozungusha PTO, shafti ya kuendeshea vifaa, mara 540 kwa dakika) na usome tena.

Namba mbili hizo ndizo thamani yote ya kifaa. Anayesoma mara moja, injini ikiwa juu, amenunua nusu ya geji.

Zikilingana na namba ya kitabu kwa mwendo wa chini na wa juu, pampu na rilifu ziache. Tatizo liko mbele ya kapla. Tofauti ya bar chache kati ya mwendo wa chini na wa juu ni ya kawaida, kwa kuwa rilifu hufunguka polepole kadiri mafuta yanavyozidi.

Zikilingana zenyewe kwa zenyewe lakini zote ziko chini, tuseme 120 mahali pa 170, na mshale unapanda haraka kisha unasimama ghafla kama umegonga ukuta, hiyo ni rilifu. Springi imelegea, washa nyembamba ya kurekebishia imepotea fundi wa mwisho alipofungua, au kuna takataka imekaa kwenye kiti chake, pale inapojifungia. Pampu inayoweza kufikisha 120 kwa haraka hivyo injini ikiwa chini haijachoka.

Ikiwa chini kwa mwendo wa chini halafu inapanda kadiri unavyoongeza mwendo wa injini, kuna uvujaji. Mfano utaonyesha vizuri. Pampu inatoa lita 25 kwa dakika injini ikiwa mizunguko 2,500 kwa dakika na lita 10 ikiwa 1,000. Mahali fulani panapitisha lita 12 presha ikifika 170. Injini ikiwa juu zinabaki lita 13, rilifu inafunguka, geji inasoma 170 na kila mtu anaridhika. Injini ikiwa chini, lita 10 zote zinapotelea kwenye mwanya na mshale unakwama kabla ya kufika 170. Hii ndiyo loda inayonyanyua pale tu injini inapopiga kelele.

Mshale ukitetemeka, pampu ikilia kama imeziba pua, na mafuta yana povu, angalia upande wa kunyonya: oringi (pete ya mpira) ya bomba la kuingilia pampu, bano lililolegea, chujio la wavu lililoziba. Pampu za gia kwa kawaida hazipendi mvuto unaozidi 0.3 bar chini ya hewa. Oringi moja iliyokauka inaweza kuleta dalili zote za pampu iliyokufa, na bei yake na ya pampu hazifanani hata kidogo.

Bado kuna jambo ambalo geji ya kapla haiwezi: kutenganisha pampu na rilifu pale uvujaji ukiwa huko nyuma. Na ukitaka kusoma presha pampuni penyewe, inahitajika tii kwenye bomba la kutokea pampu, na hapo sanduku linaanza kuwa na maana. Tii tu. Usizibe bomba la pampu kwa geji moja kwa moja ukidhani unapima pampu peke yake. Kwenye matrekta mengi rilifu imo ndani ya vali ya loda au kwenye bloku ya chuma iliyo mbele ya pampu. Ukiziba kabla yake, pampu haina pa kutolea, na kinachopasuka kwanza ni kasha la pampu au hosi. Tahadhari hiyo haipo kwenye karatasi za maelekezo nyingi zinazokuja na masanduku haya, na kwetu hilo ni kosa kubwa kuliko geji ya 600.

Kupotea kwa 40 bar kunamaanisha nini kwenye ndoo

Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 ina eneo la sentimita za mraba 19.6. Kwa 170 bar inasukuma kama kilo 3,400, na kila 10 bar zinazopotea zinaondoa kilo 200 kwa kila silinda. Kwenye ndoo inafika sehemu ndogo tu ya hiyo, kwa sababu silinda inasukuma karibu na bawaba na mzigo uko mbali mbele.

Sasa chukua loda ambayo silinda zake zinaweza kubeba jumla ya kilo 800 pale kwenye ndoo, na kati ya hizo 250 ni uzito wa mikono na ndoo yenyewe. Mzigo halisi ni 550. Presha ikishuka kutoka 170 hadi 130, jumla inakuwa 612, lakini chuma hakikupungua uzito, kwa hiyo mzigo unabaki 362. Presha imepungua chini ya robo. Mzigo umepungua zaidi ya theluthi. Ndiyo maana kushuka kunakoonekana kudogo kwenye geji kunasikika kukubwa kwenye kazi.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi upande wa pili. Ndoo nzito zaidi, uma za kubebea zinazosogeza mzigo nusu mita mbele, au kifaa cha kufunga haraka kilichoongezwa kati ya mikono na ndoo, vyote vinakula uwezo bila haidroliki kuwa na kosa lolote. Uwezo unaoandikwa kwenye matangazo mara nyingi hupimwa kwenye pini za bawaba ya ndoo. Nusu mita mbele yake ni mdogo. Na magurudumu ya nyuma yakiinuka kabla ya ndoo, loda ina nguvu ya kutosha: ongeza uzito nyuma.

Saa ya simu

Presha ni nguvu, wingi wa mafuta ni kasi. Geji inasoma ya kwanza. Kwa ya pili kuna mita za mtiririko, lakini saa ya simu inatosha kwa kazi hii.

Tafuta kipenyo cha ndani na urefu wa mwendo wa silinda kwenye kitabu. Kwa milimita 50 na mwendo wa milimita 450, kila silinda inameza sentimita za ujazo 884, mbili zinameza lita 1.77. Loda ikipata lita 25 kwa dakika, ndoo tupu inatakiwa kufika juu kwa sekunde 4.2 hivi. Ikichukua 6, inapokea karibu lita 18. Hakikisha tu hugeuzi usukani wakati huo, kwa sababu kwenye matrekta mengi usukani hupewa mafuta kwanza.

Rudia na mzigo ambao loda bado inaweza kubeba, injini ikiwa mwendo uleule. Tupu sekunde 4.3 na mzigo sekunde 4.7, mfumo ni mzuri. Tupu 4.3 na mzigo 8, mafuta yanavuja presha inapopanda. Ikiwa polepole tangu ndoo ikiwa tupu lakini inabeba kila unachoweka, usiguse rilifu. Tafuta chujio lililoziba, upande wa kunyonya, au kapla ambayo haijaingia mpaka mwisho. Kapla iliyoingia nusu inafungua vali yake kidogo tu, na kwa mbali inaonekana imefunga sawasawa.

Silinda, hatimaye

Geji ikisema 170 kwa mwendo wa chini kwenye kapla na bado loda ni dhaifu, sasa silinda zinastahili kushukiwa. Rudisha hosi, weka geji kwa tii kwenye mstari wa kunyanyua, inua mikono tupu mpaka mwisho wa mwendo, na ushikilie sekunde 5 injini ikiwa chini. Ikisoma 110 mahali pa 170, sili za pistoni zinapitisha. Rudia mara tano sita ukipumzisha katikati, shusha loda, zima injini, na elekeza kipimajoto cha miale kwenye silinda mbili za kunyanyua, sehemu ileile ya kila moja. Yenye joto zaidi ndiyo ya kufungua. Lenga rangi, usilenge rodi inayong'aa, maana chuma king'aavu kinakidanganya kipimajoto. Njia hii ina tundu moja: bomba la silinda lililochakaa katikati tu halionekani pistoni ikiwa mwishoni. Loda inayokwama na mzigo katikati ya safari halafu ikiachiwa mzigo inapita vizuri ina dalili hiyo.

Kuhusu loda inayoshuka yenyewe wenzo ukiwa katikati, hapa ndipo sili nyingi nzima hutupwa. Mzigo ukisukuma rodi kuingia ndani, upande wa chini wa silinda unatoa mafuta mengi kuliko upande wa rodi unavyoweza kupokea, kwa kuwa rodi yenyewe inachukua nafasi. Milango yote miwili ikiwa imefungwa barabara, hata sili ya pistoni ikiondolewa kabisa, mikono haiwezi kushuka zaidi ya kiasi kidogo. Mafuta ya ziada hayana pa kwenda. Kwa hiyo loda inayozidi kushuka inapitisha mafuta kwenye spuli ya vali (chuma kinachoteleza ndani yake kufungua na kufunga njia), au inavuja nje. Jaribio ni rahisi: inua ndoo yenye mzigo mwepesi kidogo tu juu ya ardhi, zima injini, tia alama. Kesho yake, au baada ya saa moja, rudia huku hosi za kunyanyua zimechomolewa kwenye kapla, ndoo ikiwa imeegemezwa kwa magogo imara wakati wa kuzichomoa na mtu yeyote asiwe chini yake. Ikishuka ikiwa imeunganishwa na kukaa ikiwa imechomolewa, ni vali. Spuli iliyochakaa haina sili ya kubadilisha. Ni chuma kwa chuma.

Usitafute uvujaji wa nje kwa kupitisha kiganja kwenye hosi. Mafuta yanayotoka kwa presha kwenye tundu dogo kama la sindano yanatoboa ngozi, na jeraha dogo la namna hiyo linahitaji hospitali saa ileile, hata kama haliumi. Tumia kipande cha katoni.

Kurekebisha rilifu ukiwa na geji

Ifungue kwanza, usiikaze kwanza. Takataka kwenye kiti hupona kwa kuoshwa. Ukiikaza juu ya takataka, siku itakapotoka yenyewe presha itaruka kupita kiwango. Angalia oringi na kiti, na hesabu washa nyembamba kabla hazijaanguka sakafuni. Ongeza washa moja, au robo mzunguko wa skrubu, kisha pima. Simama kwenye namba ya kitabu cha trekta lako, si ya trekta linalofanana nalo. Ziada ya 20 bar inabebwa na hosi, pampu, pini za mikono na ekseli ya mbele, na kila kimoja kilipigiwa hesabu kwa namba ya chini. Bila geji, kazi hii tusingemshauri mtu yeyote kuigusa.

Sanduku tungelipendekeza kwa fundi anayehudumia mashine za aina nyingi, na kwa trekta lenye pointi za kupimia tayari. Kwa wote wawili, kwa sharti waongeze geji ya mvuto na kapla mbili za kilimo. Kwa mwenye trekta moja, geji ya 250 bar ya daraja 1.6, kapla sahihi, tii na kipimajoto cha miale vinajibu karibu kila swali ambalo sanduku lingejibu, na vinaingia kwenye kisanduku cha spana chini ya kiti. Nunua na kofia ya kapla. Punje ya mchanga inayokaa kwenye kapla ya geji isiyofunikwa itaingizwa ndani ya mfumo siku ya kupima, na kiti cha rilifu hakiko mbali.